Farasi wa Ukurasa wa Tatu

Kuna mchoraji wa gazeti ambaye hajapata kumwona farasi hata mmoja kwa macho yake. Punda, hao anawajua. Nyuma ya nyumba aliyopanga anaishi muuza maji mwenye punda wawili, mmoja mkaidi, mmoja mpole, na wote wana tabia ya kuingiza vichwa dirishani asubuhi kama wageni waliokuja kuulizia chai. Basi mhariri alipomwambia achore farasi wanne wanaokimbia, alirudi nyumbani, akasimama dirishani, akamkodolea macho yule punda mpole mpaka punda mwenyewe akageuza uso. Akamchora. Kisha akamfupisha masikio, akamrefusha shingo, akamtia mkia wa kupepea. Kesho yake mhariri akaishika karatasi kwa mikono miwili.

"Farasi kamili huyu! Umeona wapi farasi wewe?"

"Nawaona kila asubuhi," akajibu, na ofisi nzima ikacheka bila kujua inacheka nini.

Ofisini wanamwita Kifutio, kwa kuwa akichora mstari mmoja hufuta miwili. Kabla ya gazeti alikuwa akiandika kuta: majina ya maduka, mikasi na vichwa vya watu kwa vinyozi, na zaidi ya yote lile bango la "Marufuku Kukojoa Hapa", ambalo katika kazi zake zote ndilo lililosomwa na wengi na kutiiwa na wachache. Gazetini alipewa meza kati ya watu wa michezo na mlango wa choo. Meza ile mguu mmoja ni mfupi, umeegemezwa juu ya magazeti ya zamani, na kila mwaka huongezwa gazeti moja kwa sababu ya chini huoza. Hapo amekaa miaka kumi na saba, na rula yake ya chuma, na kalamu zake, na mkono wenye wino usiotoka hata kwa chumvi na ndimu.

Ana dada mmoja, mkubwa wake kwa miaka tisa. Mama yao alifariki huyu mdogo akiwa bado anatambaa, kwa hiyo dada ndiye aliyembeba mgongoni, akaenda naye kisimani, akaenda naye mpaka darasani, mwalimu akinung'unika. Alipokua akasomea ukunga. Miaka ishirini na miwili alifanya kazi katika wodi ya wazazi ya hospitali ya serikali, na kama kuna mtu wa chini ya miaka ishirini mtaani pale ambaye hakupokelewa na mikono ile, basi mtu huyo alizaliwa safarini. Watu walimwita Mkunga, na jina hilo likafuta jina alilopewa na baba yake.

Wodi ile ilikuwa na mabomba sita na hakuna hata moja linalotoa maji. Wajawazito waliambiwa waje na ndoo. Mkunga aliandika barua, akaandika tena, akapiga magoti, akagomba, akanyamazishwa. Siku moja mama mmoja alikufa mikononi mwake kwa ugonjwa wa uchafu, ugonjwa ambao maji ya ndoo mbili yangeuzuia. Jioni hiyo alikwenda kwa mdogo wake, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Mdogo wangu, nimechoka kuomba bomba kwa watu wasiobeba mimba. Nataka kiti chenyewe."

"Kiti kipi, dada?"

"Cha ubunge. Mchujo wa chama ni baada ya miezi miwili."

Inafaa ieleweke kwamba katika jimbo lile, anayeshinda mchujo wa chama ndiye mbunge. Uchaguzi wenyewe huwa kama kupiga muhuri barua iliyokwisha kuandikwa. Na inafaa ieleweke pia kwamba sheria haimruhusu mtumishi wa serikali kugombea akiwa kazini. Ni lazima ajiuzulu kwanza. Mkunga alivua sare yake nyeupe, akaikunja, akaikabidhi kwa mtunza stoo, akatia saini. Miaka ishirini na miwili ikawa karatasi moja.

"Ukikosa je?" mdogo wake akamuuliza.

"Nikikosa nitakuwa nimekosa vyote viwili. Ndiyo maana sitaki kukosa."

Wagombea walikuwa wanne. Mwenye Mabasi, ambaye kila mtu aliwahi kusimama ndani ya gari lake akiwa ameinama. Mwalimu Mkuu mstaafu, aliyewahi kuwachapa nusu ya wapiga kura. Wakili mmoja kijana mwenye suti mbili. Na Mkunga, na akina mama kumi na wawili waliojitolea kutembea naye mlango kwa mlango kwa miguu.

Sasa gazeti. Mhariri alikuwa mtu mnene, mchangamfu, asiyemchukia mtu yeyote, na hilo ndilo lililokuwa baya kwake, maana mtu akikuchukia unajua pa kusimama. Alisema habari za wagombea zinachosha. "Kila mmoja maji, kila mmoja barabara, kila mmoja shule. Nani atanunua? Watu wanataka kujua kitu kimoja tu: nani yuko mbele." Akaamuru kila Ijumaa ukurasa wa tatu uwe na mbio. Mpiga Hesabu, kijana mwenye daftari na miwani, angekwenda sokoni na stendi, awaulize watu mia tatu wangempa nani kura, kisha Kifutio angechora farasi wanne, kila mmoja na mgombea wake mgongoni, kadiri ya namba.

Wiki ya kwanza namba zikaja. Mwenye Mabasi thelathini katika mia. Mwalimu Mkuu ishirini na tisa. Mkunga ishirini na nane. Wakili kumi na tatu.

Kifutio alifurahi kimoyomoyo. Alipiga hesabu pembeni mwa karatasi: kati ya Mwenye Mabasi na dada yake palikuwa na watu sita. Sita katika mia tatu! Watu sita unawakalisha kwenye benchi moja na nafasi ya kapu inabaki. Akachukua rula, akachora kwa uaminifu: farasi watatu pua kwa pua, mmoja akimzidi mwenzake kwa unene wa uzi, na farasi wa Wakili nyuma akila vumbi.

Mhariri akaitazama ile picha, akakunja uso. "Nini hii?"

"Mbio, bosi."

"Hizi si mbio, huu ni msongamano wa stendi. Sura zimefunikana, miguu kumi na miwili imesokotana kama tambi. Nani yuko mbele hapa? Mtu akitazama kwa dakika nzima hajui. Watenganishe, bwana. Kila farasi apate nafasi yake."

"Lakini namba..."

"Namba ziko chini ya picha. Anayetaka kusoma atasoma."

Akarudi mezani. Mtu wa michezo, jirani yake, mdomo hauna pazia, akapaza sauti ofisi nzima isikie: "Haya, Kifutio! Leo tutaona. Dada mtu ataota mabawa! Damu nzito kuliko maji, au siyo?"

"Niache nifanye kazi."

"Mimi nakuachia. Ila wasomaji nao wana macho. Pua ya huyo mama na pua yako zimetoka kiwanda kimoja."

Watu wakacheka. Kifutio alicheka pia, lakini kicheko chake hakikufika shingoni. Akawatenganisha farasi. Mwalimu Mkuu akamweka nusu mwili nyuma ya Mwenye Mabasi. Mkunga akamweka mwili mzima nyuma, ili sura yake ionekane. Akatazama. Bado akasikia yale maneno ya mtu wa michezo yanawasha kama upupu. Watasema nimempendelea. Watasema nimemvuta. Akachukua kifutio, akamfuta dada yake na farasi wake, akamrudisha nyuma tena. Upana wa kidole kimoja tu, kidole cha shahada. Ili asije mtu akasema. Kisha, kwa kuwa pale alipomwondoa pamebaki uwazi na uwazi humuudhi mchoraji, akautoa nje ulimi wa farasi yule, mrefu, wa kutweta, akanyunyiza matone ya jasho. Likawa pambo. Hakuwa na nia nyingine.

Kumbe mtu anaweza kumdhulumu nduguye kwa kuogopa kuambiwa anampenda.

Jumamosi alikwenda kunyoa. Kinyozi alikuwa amekwisha bandika ukurasa wa tatu ukutani, juu ya kioo, palipokuwa na picha za mitindo ya nywele. Wateja watatu wamekaa kwenye benchi, hakuna aliyemjua mchoraji, maana mchoraji hana sura gazetini.

"Mkunga keshakwisha," mmoja akasema. "Hebu mwone farasi wake. Ulimi uleee!"

"Na hapo ndiyo wiki ya kwanza," wa pili akasema. "Maskini mama wa watu. Mimi alinizalishia watoto wote wawili. Mikono ya dhahabu."

"Si umpe kura basi?"

"Nimpe nikaitupe? Kura ninayo moja, ndugu yangu. Kama hafiki, bora nimpe Mwalimu, angalau yeye yuko karibu, amzuie huyu wa mabasi."

"Namba zinasema nini pale chini?" akauliza Kifutio, kitambaa shingoni.

Kinyozi akasogea, akakunja macho. "Ishirini na nane. Sijui ishirini na nane ya nini. We kaa sawa nisikukate sikio."

Hakuna aliyekwenda kusoma mara ya pili.

Jumapili dada alimtembelea, miguu ina vumbi mpaka magotini, furaha usoni. Alikuwa ameshika gazeti. "Hebu niambie, mdogo wangu. Huyu uliyenipandisha ni farasi, au yule punda wa muuza maji?"

Mkewe Kifutio akaangua kicheko, na watoto nao, na hata yeye.

"Ni farasi, dada."

"Mbona ana uso wa mtu ninayemjua?" Akacheka, akakaa, akafungua ukurasa juu ya mapaja. Kicheko kikapungua polepole. "Hapa chini imeandikwa ishirini na nane. Na mwenye mabasi thelathini. Basi mbona mimi nimetupwa huku, karibu na tangazo la magodoro?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Angeweza kusema: dada, mhariri aliniambia nitenganishe, na kidole kimoja ni changu mwenyewe, niliogopa maneno ya watu. Angesema, naye angekwenda na namba zake kila kilabu cha wazee na kila kikundi cha akina mama, awaambie wasitazame picha. Lakini alitazama chai yake.

"Ni picha tu, dada. Nani anaangalia picha?"

Dada alilainisha ukurasa kwa kiganja. Akakunja gazeti. "Haya," akasema. Akanywa chai.

Wiki ya pili Mpiga Hesabu alirudi sokoni na stendi. Akawauliza mia tatu wengine, na hao walikuwa wamekwisha ona farasi. Mwenye Mabasi thelathini na tatu. Mwalimu Mkuu thelathini na mmoja. Mkunga ishirini na mmoja. Wazee walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hili halikuwepo, lilichorwa Alhamisi, likatoka Ijumaa, Jumatano ya pili likaja lenyewe kwa miguu yake, na daftari la Mpiga Hesabu likampokea.

Redio ya asubuhi ikalichukua kutoka gazetini. Mtangazaji alitoa na mlio wa kwato, ko-ko-ko, kwa kugonga vifuu viwili mezani. Gazeti nalo likaandika kwamba hata redio inasema Mkunga anaporomoka. Wakawa kama vioo viwili vinavyotazamana: kila kimoja kinamwona mwenzake, na katikati hakuna mtu.

Wale akina mama kumi na wawili wakawa tisa. Kisha watano. Hawakugombana naye. Mmoja, muuza mboga, alikuja kumwambia uso kwa uso, akimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Dada, tunakupenda. Mungu shahidi. Lakini miguu inauma, na huko tunakokwenda wanatuonyesha gazeti. Tunabisha hodi, mtu anatoka nalo mkononi."

"Mnawaambia habari ya maji?"

"Tunawaambia. Wanasema maji kweli, ila hashindi. Wanasema hivyo vyote viwili kwa pumzi moja."

Kifutio alimfuata mhariri. Ilimchukua siku tatu kupata ujasiri, na alipoupata ukawa mdogo.

"Bosi, ile picha ya kwanza... tuliwatenganisha mno. Watu wameona yuko mbali, na hakuwa mbali."

"Wiki hii ana ngapi?"

"Ishirini na moja."

"Na mwenye mabasi?"

"Thelathini na tatu."

"Basi si yuko mbali?" Mhariri akafungua mikono kama mtu aliyepewa zawadi. "Picha na namba sasa zinakubaliana. Wewe unalalamika nini, bwana Kifutio? Wewe ndiye wa kwanza kuona! Una jicho."

Akampiga bega. Ule mkono ulikuwa mzito na wa moto, na wala haukuwa na ubaya wowote.

Wiki ya tatu walimpeleka mwandishi kwa Mkunga. Alikuwa msichana mwerevu, mwenye haraka. Mkunga alifurahi, kwa kuwa tangu mbio zianze hakuna aliyemuuliza kitu. Alimfagilia sebule, akatoa daftari lake la jalada jeusi. Humo alikuwa ameandika kwa mkono wake mabomba yote ya wodi, lini kila moja lilikufa, bomba kuu limepasukia wapi chini ya ua wa hospitali, mita ngapi zichimbwe, fundi gani alisema yawezekana. Kurasa kumi na nne. Mumewe, seremala wa madawati, mtu wa maneno machache, alikaa pembeni akichonga kijiti.

Mwandishi alitazama daftari kwa heshima, akaligeuza ukurasa mmoja. "Vizuri sana, mama. Sasa, kuna tetesi kwamba unataka kujitoa umwachie Mwalimu Mkuu."

"Tetesi za nani?"

"Ni tetesi tu. Unajitoa?"

"Sijitoi. Tazama hapa, bomba kuu limepasukia..."

"Kwa hiyo unakanusha?"

"Nakanusha nini, mwanangu, na mimi sikusema kitu?"

Ijumaa gazeti likatoka na herufi kubwa: MKUNGA AKANUSHA KUJITOA. Ndani yake hamkuwa na bomba hata moja. Na mtaani watu walisoma kama watu wanavyosoma: penye moshi pana moto. Kufikia Jumamosi jioni wengine walimpa pole kwa kujitoa. Mmoja alimsifu kwa busara.

Kifutio ndiye aliyechora farasi wa wiki ile pia. Mkunga kumi na nne, Wakili kumi na nne. Walikuwa sare kabisa, na hapo mhariri hakulalamikia msongamano, maana msongamano wa nyuma haumuudhi mtu. Akawachora wamegusana mabega. Alipomaliza akatazama uso wa dada yake, mdogo kama ukucha, akauona unafanana sana. Hakuwahi kumchora vizuri hivyo. Alitaka kuifuta sura yote, akaushika mkono wake kwa mkono wa pili, akaipeleka picha ilivyo. Ana watoto wanne, na nje ya gazeti lile hakuna anayehitaji farasi.

Wiki zilizofuata farasi walibaki pale pale, Mkunga na kumi na nne yake. Siku ya mchujo wanachama walipanga foleni kwenye kumbi za shule tangu saa mbili asubuhi. Saa kumi alasiri matokeo yakasomwa. Mwenye Mabasi, kura elfu mbili mia moja na arobaini. Mwalimu Mkuu, elfu moja mia tisa na tano. Mkunga, elfu moja mia tatu themanini na nane. Wakili, mia sita na kumi.

Watu wakanong'ona. Kumbe Mkunga alikuwa na watu! Si kumi na nne katika mia; ilikuwa ishirini na tatu, baada ya yote yale, na kwa akina mama watano wenye malengelenge. Mwanamke mmoja alishika mdomo pale pale ukumbini, akasema kwa sauti, "Ningejua!" Gazeti la kesho yake likaandika kwa fahari kwamba farasi wake walisema kweli, kwa kuwa walimaliza kwa mpangilio ule ule: wa kwanza wa kwanza, wa pili wa pili, wa tatu wa tatu. Mhariri alinunua soda kwa ofisi nzima. Kifutio aliletewa ya rangi ya machungwa, akaiacha mezani mpaka ikaisha mapovu.

Wiki ile nyumba ya Mkunga ilijaa kama nyumba ya msiba. Walikuja wale saba waliomwacha, walikuja wauguzi, walikuja wanaume aliowapokelea watoto, na mmoja wa wale wa kinyozi. Kila mmoja alivua viatu, akakaa mkekani, akasema neno moja: tungejua. Tungejua una wengi hivi, na sisi tungekupa. Tulidhani tuko peke yetu.

Seremala aliwavumilia siku nne. Siku ya tano, mgeni wa mwisho alipotoka, akamwambia mkewe, huku akikusanya vikombe, "Hawa waliokuja kutupa pole tu wangetosha kushinda." Halafu akaenda zake karakanani, na ikasikika randa mpaka magharibi.

Ndipo Kifutio alipokuja. Alisubiri mkeka uwe mtupu. Akakaa chini badala ya kiti, akazungumza akitazama nyuzi za mkeka. Alieleza yote: msongamano, maneno ya mtu wa michezo, kile kidole, ulimi.

"Kidole kimoja, dada. Nilikurudisha kidole kimoja. Niliogopa waseme nakupendelea."

Mkunga alikuwa akikunja khanga. Alimaliza pindo, akalaza, akapiga pasi kwa kiganja.

"Najua," akasema.

Kifutio akainua kichwa. "Unajua?"

"Miaka ishirini na miwili nimepima wanawake kwa vidole hivi. Njia imefunguka vidole viwili, vitatu, vinne. Mtu anaishi au anafa kwa kidole kimoja. Nisijue kidole cha ndugu yangu? Jumapili ile nilikaa pale kwako na gazeti mapajani, nikaona kabisa. Wa kwanza na wa pili umewaachanisha kwa kipimo kimoja, mimi umenizidishia. Nikakuuliza."

"Uliniuliza..."

"Nikakuuliza, ukatazama chai. Nikasema haya, labda ataniambia kesho. Nilikuwa na wiki saba bado. Ningeweza kufanya kitu. Kila siku nikitoka mlangoni nilisema leo atakuja." Alichukua khanga nyingine. "Umekuja leo."

"Nisamehe, dada."

"Nimeshakusamehe. Kusamehe si kazi. Tatizo langu mimi sasa ni kazi."

Nayo kazi haikurudi. Alikwenda hospitalini na barua, wakampokea kwa vigelegele wodini, na ofisini wakampokea kwa kumwambia nafasi imejazwa. Alikwenda zahanati mbili za watu binafsi. Wote walimjua, wote walimheshimu, wote walisema jambo lile lile kwa adabu: yeye sasa ni mtu wa siasa, na wodini hapatakiwi siasa, mgonjwa wa upande wa Mwenye Mabasi akimkuta pale atakimbia. Zahanati ya pili ilimpa dirisha la mapokezi. Akawa anaandika kadi: jina, umri, mtaa, anaumwa nini. Mwandiko wake mzuri, hawakupata mwandishi wa kadi kama yeye.

Mwezi wa nne baada ya mchujo, binti mkubwa wa Kifutio alishikwa na uchungu asubuhi, mimba ya kwanza, mume yuko safarini. Zahanati ya karibu ilikuwa ile. Kifutio akaingia naye amemshikilia, mkewe nyuma na ndoo ya maji, na dirishani akamkuta dada yake.

"Shangazi!" binti akalia.

"Nipo, mwanangu, nipo." Kalamu ikaanguka. Mkunga akatoka kwa mlango wa pembeni, akamshika binti kiunoni, akaweka kiganja juu ya tumbo, akafumba macho kidogo kama mtu anayesikiliza ukutani. "Usisukume bado. Pumua na mimi. Mtoto amekaa mgongo kwa mgongo na wewe, ndiyo maana kiuno kinakatika hivi. Inama mbele, shika kiti. Hivyo hivyo. Tutamgeuza huyu, anageuka, ana adabu."

Binti akatulia. Kwa mara ya kwanza tangu alfajiri akavuta pumzi ikafika chini.

Muuguzi akatokea kwenye korido, binti mdogo aliyetoka chuoni, sare imepigwa pasi mpaka mistari. Hakuwa mkali. Alikuwa amefundishwa.

"Mama kadi, samahani, huku ni wahudumu tu. Rudi dirishani tafadhali, foleni imesimama. Nitamchukua mimi."

"Mtoto amekaa vibaya. Mwambie daktari..."

"Nitampima, mama. Asante."

Kifutio alifungua mdomo. Alitaka kumwambia yule msichana ni nani huyu anayemwita mama kadi, kwamba labda hata yeye mwenyewe, na sare yake, mikono hii ndiyo iliyomleta duniani. Dada yake akamtazama, na yale macho yakamfunga mdomo, maana hayakuwa na hasira hata kidogo.

Muuguzi akamchukua binti, mlango ukafungwa. Mkunga akakaa tena kwenye kiti chake nyuma ya dirisha, akaokota kalamu sakafuni, akavuta kadi mpya.

"Umri wa mgonjwa?"

"Dada, unaujua umri wake. Ulimpokea wewe."

"Naandika kadi," akasema. "Umri?"

Akautaja. Akataja na mtaa. Dada akaandika kwa herufi zile nzuri, akapuliza wino, akamsukumia kadi chini ya kioo. Kutoka nyuma ya mlango binti akapiga ukelele wa kwanza mkubwa, na mkono wa Mkunga ulitaka kwenda. Ulinyanyuka mezani wenyewe, ukabaki hewani, kisha ukarudi chini.

"Kaa pale kwenye benchi," akamwambia. "Watakuita."

Halafu akatazama nyuma ya mdogo wake, kwenye foleni. "Anayefuata."